Mwanangu Hakuwa Kikojozi

Kwa miaka 5 niliamka saa 10 alfajiri kupika vitumbua, na kabla sijawasha jiko nilikuwa naingiza mkono chini ya shuka la mwanangu. Kila siku pamelowa. Lakini si kulowa kwa mtoto aliyejikojolea usiku hadi godoro likachuruzika. Ulikuwa ubichi tu, kama wa nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka sawasawa. Tofauti hiyo niliigusa kwa kiganja changu zaidi ya mara elfu moja na sikuielewa. Naandika kwa sababu najua yupo mama mwingine aliyegusa ubichi huohuo leo alfajiri.

Nitamwita Mwanaidi, ingawa si jina lake. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akakubali, ila akasema nisitaje shule.

Alizaliwa hapa Tanga mwaka 2013, mtoto mwenye afya, analia kwa nguvu. Mimba yake sikuwahi kupigwa altrasaundi hata mara moja. Akiwa mchanga sikuona lolote, maana mtoto wa nepi kulowa si habari. Alipotimiza miaka 3 akajifunza msala haraka kuliko kaka yake. Anaomba, anakwenda, anakojoa mkojo wa kutosha, anarudi kucheza. Baada ya dakika 10 chupi imelowa tena. Nikimuuliza, "Umejikojolea?" ananijibu, "Hapana mama, unatoka wenyewe."

Unatoka wenyewe. Alikuwa na miaka mitatu na nusu alipoanza kusema hivyo, na alikuwa sahihi kuliko watu wazima wote waliomzunguka. Miaka mingi baadaye daktari bingwa aliyaandika maneno hayo kwenye faili lake kama alivyoyatamka.

Mimi sikuyasikia. Nilisikia mtoto anayejitetea.

Mama mkwe alisema ni mchango, akachemsha mizizi, mtoto akanywa kwa mwezi mzima. Simlaumu, alifanya alilolijua na alilifanya kwa mapenzi. Lililofuata ni langu mwenyewe. Nilimnyima maji. Ikishaingia magharibi, hakuna kunywa kitu mpaka asubuhi, na wanaoijua Tanga mwezi wa pili wanajua joto lake. Mara moja nilimkuta usiku amesimama kwenye mtungi, ameshika kata kwa mikono miwili, anakunywa huku ananitazama kama mwizi aliyefumaniwa. Nilimnyang'anya. Baadaye daktari aliniambia kwamba mtoto wa aina yake alihitaji maji kuliko wengine, kwa sababu mkojo mzito unaokaa kwenye mrija mbovu ndio unaofuga vijidudu.

Na nilimchapa. Si mara moja. Ningeweza kuliruka neno hili na hakuna ambaye angejua, lakini mzazi aliyeshika fimbo leo ni yeye ninayemwandikia.

Kosa jingine lilikuwa kuficha. Mtoto wa kike, nilijiambia, jina lake litaharibika. Nilichanachana kanga kuukuu vipande vya kuweka ndani ya chupi, nikamshonea mfuko wa kuvaa begani wenye chupi 4 na vipande 6, nikamfundisha kubadilisha chooni bila kuonekana. Hata baba yake sikumweleza ukubwa wa jambo. Aliona nguo kambani kila siku akadhani ni za kawaida. Nilipokuja kumweleza vizuri alikaa kimya, kisha akauliza, "Muda wote huu ulikuwa unalibeba peke yako kwa nini?" Sikuwa na jibu. Waliosema mficha maradhi kilio humfichua walinisema mimi.

Mwaka 2020 akaanza darasa la kwanza. Hapo siri ikaisha. Harufu haifichiki kwenye chumba cha watoto zaidi ya 70. Walimzomea, wakamwimbia, na kufikia katikati ya mwaka alikuwa anakaa mwisho wa benchi la nyuma karibu na dirisha, peke yake, kwa hiari yake. Mwalimu wake aliniita. Alikuwa mama mtu mzima, akanikaribisha kiti, akaniambia kwa upole: "Mama Mwanaidi, huyu mtoto anaomba ruhusa ya kwenda chooni kama wenzake, wala hachelewi kuomba. Kinachonishangaza ni kwamba akirudi bado ana maji. Mimi si daktari, lakini hili si tabia." Mtu wa kwanza kuliona jambo lenyewe alikuwa mwalimu wa chaki.

Niseme sasa kuhusu hospitali, maana msidhani hatukwenda. Tulikwenda sana. Kila alipopata homa tulipima mkojo zahanati, jibu likawa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, tukapewa dawa, homa ikashuka. Baada ya miezi miwili, tena. Ikafika mahali sikwenda tena zahanati, nakwenda duka la dawa kununua vidonge vilevile. Hakuna aliyeotesha mkojo maabara ili kujua ni kijidudu gani hata mara moja, na mimi sikujua kama kuna kitu kama hicho. Leo ninajua: mtoto akipata UTI yenye homa, na hasa ikijirudia, mkojo uoteshwe kabla ya dawa kuanza, na mtoto apigwe altrasaundi ya figo na kibofu. Ombeni. Msione haya kuomba.

Altrasaundi nayo tulipiga, alipokuwa na miaka 6. Karatasi ikasema figo zote mbili za kawaida. Niliihifadhi karatasi ile kama hati ya nyumba. Kwa mwaka mzima na zaidi, kila aliyenishauri nimrudishe hospitali nilimtolea karatasi. Kumbe kile kilichokuwa kinatafutwa kinaweza kuwa kidogo mno, kimejikunja juu ya figo nzima, kisionekane kwa altrasaundi ya haraka kama mpimaji hakuambiwa atafute nini. Picha inayosema kila kitu sawa, na mtoto bado analowa mbele ya macho yako, basi mwamini mtoto.

Mwaka 2021 alipata homa kali, akalazwa. Siku ya pili akaja daktari kijana, dada mdogo kabisa, labda ndiyo kwanza ameanza kazi. Alisoma faili akakunja uso. Akavuta kiti.

"Mama, anakwenda chooni mwenyewe?"

"Ndiyo, dokta."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara 5, mara 6."

"Anatoa mkojo mwingi, au matone?"

"Mwingi, kama mtoto yeyote."

"Na katikati ya hapo, kuna saa hata moja anakuwa mkavu?"

Nilifungua mdomo kujibu nikakuta silijui jibu, kwa sababu halikuwahi kuulizwa. Mwanaidi alijibu mwenyewe akiwa amelala na dripu mkononi: "Hakuna. Unatoka wenyewe."

Yule dada aliweka kalamu chini. Alisema mtoto ambaye kibofu chake hakishiki hawezi kujaza kibofu akakojoa vizuri mara 6 kwa siku. Na mtoto ambaye kibofu kinashika vizuri hawezi kuvuja saa 24. Ikiwa yote mawili yapo kwa mtoto mmoja wa kike, basi huenda kuna mkojo unaotoka bila kupitia kwenye kibofu. Akatuandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Tulichelewa miezi 4 kutafuta fedha. Hilo nalo nalijutia, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha tuliyokuwa tunaitafuta hatukuihitaji siku ya kwanza. Siku ya kwanza ilihitaji nauli na ada ya kumwona daktari tu. Nendeni muonwe kwanza, mengine yatapangwa mkiwa ndani ya mlango.

Tulifikia kwa wifi yangu Mbagala. Daktari bingwa alikuwa mzee mpole wa watu wa Kanda ya Ziwa, anaongea taratibu. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa rahisi, na hakuna mashine yoyote niliyoiona baadaye iliyonifundisha zaidi ya hicho. Sista alimwekea mtoto mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, akajaza kibofu maji yaliyotiwa dawa ya bluu, bluu kama ya kufulia. Halafu akamwekea gozi jeupe, kavu. Tukakaa. Mwanaidi alikuwa anamsimulia sista habari za paka wetu. Baada ya muda sista alilitoa gozi, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Limelowa. Lakini lilikuwa jeupe vilevile. Hakuna hata doa la bluu.

Daktari alinionyesha kwa kidole. "Mama, kibofu chake kimejaa bluu na hakijatoa tone. Haya maji hayatoki kwenye kibofu." Nilianza kulia palepale, na hakuwa amenipa bado hata jina la ugonjwa. Nililia kwa sababu ya fimbo.

Vikafuata vipimo vikubwa. Kabla ya siti skani walipima damu kuona kiwango cha kreatinini, ambacho huonyesha kama figo zinachuja vizuri, kwa kuwa dawa ya kung'arisha picha inapita kwenye figo. Mwelezeni mtoto mapema kwamba dawa hiyo ikiingia atahisi joto mwilini ghafla na litapita. Wangu hakuelezwa akapiga kelele. Picha ilionyesha figo ya kulia nzima na nzuri. Ya kushoto ilikuwa na sehemu mbili: ya chini kubwa, yenye mrija wake uliokwenda kwenye kibofu kama kawaida, na ya juu ndogo kama dole gumba, yenye mrija wake wa pili, mnene kidogo, uliokipita kibofu na kuteremka hadi chini.

Kisha tukaambiwa twende Ocean Road. Nilihisi miguu imekufa ganzi. Sisi wa mikoani Ocean Road tunaijua kwa jambo moja tu, saratani. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikampigia mume wangu simu nikashindwa kutamka. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba pale pana kamera ya kupimia kazi ya figo kwa dawa ya mionzi. Kipimo chenyewe wanakiita DMSA. Mtoto anachomwa sindano, mnasubiri saa 2 au 3 dawa ifike kwenye figo, kisha analala chini ya kamera bila kutikisika. Hakiumi zaidi ya ile sindano. Basi wewe ukielekezwa huko na mtoto wa figo, usivunjike moyo kama mimi. Jibu lilisema kile kipande cha juu kilikuwa kinafanya asilimia 3 tu ya kazi yote ya figo. Kazi ndogo kiasi hicho, lakini ilitosha kumlowesha mtoto usiku na mchana.

Siku ya majibu mume wangu alikuja. Yeye ni fundi bomba. Daktari alichora nyuma ya karatasi: figo, mirija, kibofu, na chini ya kibofu msuli unaobana. Mimi nilikuwa bado nafuatisha mistari, baba yake akasema, "Kwa hiyo bomba la pili limeungwa baada ya koki."

Daktari alimtazama akatabasamu. "Baba, nimefundisha wanafunzi miaka mingi. Hakuna aliyewahi kunieleza vizuri hivyo."

Ndivyo ilivyo. Mkojo hutengenezwa na figo, hushuka kwa mrija ambao madaktari wanauita ureta, huingia kwenye kibofu, na msuli wa chini ya kibofu ndio koki. Mrija wa pili wa Mwanaidi ulifungukia chini ya koki. Hata angebana vipi, ule haukuwa na cha kubanwa nacho.

Mimi nilikuwa na swali moja tu, na kila mama wodini alikuwa nalo: nilifanya nini nikiwa na mimba? Nilibeba ndoo kichwani, nilimeza dawa za malaria, kuna siku nilianguka. Daktari hakunijibu kwa neno moja. Alinieleza mwanzo hadi mwisho, na nitajaribu kueleza kama nilivyoelewa, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yaliyonitua mzigo.

Mtoto akiwa na wiki 4 hadi 5 tangu mimba kutungwa, urefu wake ni kama punje ya mchele. Kila upande wa mwili wake una mfereji mmoja unaoshuka kuelekea chini, unaitwa kwa jina la Wolff, Mjerumani wa karne ya 18. Karibu na mwisho wa mfereji huo linatoka chipukizi dogo. Linakua kuelekea kwenye kinyama laini kilicho jirani, na vikigusana kila kimoja kinakiamsha kingine: kile kinyama kinaanza kutengeneza vichujio vya figo, na lile chipukizi linatawanyika kama mizizi ndani yake. Shina la chipukizi linalobaki nyuma ndilo linalokuwa ureta. Chipukizi lisipofika, figo ya upande huo haiumbiki. Likigawanyika njiani, mrija unakuwa kama manati, mmoja chini na miwili juu. Na yakitoka machipukizi mawili badala ya moja, mtoto anapata mirija miwili kamili upande mmoja.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye siri. Mwisho wa ule mfereji humezwa na ukuta wa kibofu kinachoumbika. Chipukizi la chini linaingia kwanza, linapata nafasi yake, linasogea juu na pembeni. La juu linachelewa, linaburuzwa na mfereji kwenda chini zaidi. Ndiyo maana mrija unaotoka sehemu ya juu ya figo ndio unaofungukia chini zaidi, kinyume na unavyotarajia. Wanaiita kanuni ya Weigert na Meyer. Kwa mvulana mfereji ule unageuka kuwa njia ya mbegu za kiume, nayo huungana juu ya koki, kwa hiyo mvulana mwenye kasoro hii havuji. Atapata maumivu na maambukizi, na kwa hilo anaweza kuchelewa kugunduliwa kwa namna yake. Kwa msichana mfereji hunyauka, lakini masalia yake hupita hadi chini ya koki, na mrija uliopotea njia unaweza kufuata huko.

"Wiki hizo, mama," daktari akasema, "ulikuwa hata hujajua kama una mimba. Ndoo uliibeba baadaye. Ulipoanguka, mirija ilikuwa imeshapita mahali pake."

Nilimwomba arudie, akarudia.

Alituambia pia kwamba karibu mtu 1 kati ya 100 ana figo yenye sehemu mbili, na wengi wao wanazeeka bila kujua kwa sababu mirija yao yote inaingia kwenye kibofu vizuri. Na kwa kuwa mambo haya huweza kwenda kwa familia, tuwapime ndugu zake. Kaka yake alikutwa mzima. Mdogo wake amekutwa na figo ya namna hiyo upande wa kulia, haina shida yoyote, tumeambiwa tujue tu na tukumbuke kuwaambia madaktari akiumwa.

Wodini nilikutana na mama kutoka Lindi, mwanawe wa kiume wa miaka 2. Kwake mrija ulikuwa umeingia kwenye kibofu mahali pabaya kidogo, sehemu yake inayopita ndani ya ukuta ni fupi mno, basi mtoto akikojoa mkojo unapanda kurudi figoni. Kwake hawakukimbilia kisu. Alipewa dawa kidogo ya kuzuia maambukizi kila usiku, wakisubiri, kwa kuwa kwa wengi sehemu ile inarefuka mtoto anapokua na mkojo unaacha kurudi. Mwingine alikuwa na kichanga ambacho altrasaundi ya mimba ilionyesha figo imevimba, mrija umebana pale unapoanzia. Walijua kabla hajazaliwa. Nilimwonea wivu mama yule, wivu wa kweli, nikamwambia na yeye.

Kuhusu upasuaji tulielezwa njia mbili. Kama kipande cha juu kingekuwa kinafanya kazi ya maana, wangekiacha na kuunganisha mrija wake na ule mzuri wa jirani. Kwa kuwa kilikuwa karibu kimekufa, wangekitoa pamoja na sehemu kubwa ya mrija wake na kuiacha sehemu ya chini ya figo ikiendelea na kazi. Ulizeni swali hili: kipande hiki kinafanya kazi kiasi gani, na uamuzi unatokana na kipimo gani?

Tuliporudi Mbagala simu zilianza. Baba mkwe alikataa. Alikuwa amesikia kwamba watoto wanatolewa figo zikauzwa. Usiidharau hofu ya namna hii. Mume wangu alimpigia daktari akamwomba aongee na mzee, na daktari akakubali, akamweleza kwa dakika 15 kwamba mtoto ataondoka na figo zake mbili. Mzee akasema, "Basi mwanangu, Mungu awatangulie." Bila simu ile tungefanya operesheni bila baraka, na sijui ningeimudu vipi.

Alipasuliwa Machi 2022, akiwa na miaka 8. Alikaa chumba cha upasuaji kwa muda wa saa 3. Alitoka na mpira wa mkojo, mrija wa kutoa majimaji ubavuni, na bandeji kiunoni. Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya, maumivu na kutapika kwa sababu ya nusu kaputi. Siku ya 3 wakatoa mpira.

Alfajiri ya siku ya 4, saa 10, macho yalifumbuka yenyewe kwa mazoea. Nikaingiza mkono chini ya shuka. Nikahisi kitambaa tu. Nikasogeza mkono juu, nikasogeza chini, nikaunyoosha hadi upande wa ukutani. Kukavu. Nikarudia tena.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta mkojo, mwanangu."

"Haupo," akasema, akageukia upande wake mzima, akalala.

Fedha. Nitazitaja kama zilivyokuwa kwetu mwaka ule, bila bima, na kwenu zinaweza kuwa tofauti. Siti skani 350,000. Kipimo cha Ocean Road 180,000. Operesheni na wodi tulilipa 900,000 baada ya kupunguziwa. Nauli, chakula, dawa na mengine kwa safari zote zilikaribia 1,200,000. Mume wangu aliuza pikipiki, na mimi nilichukua zamu yangu ya upatu mapema baada ya wenzangu kunihurumia. Nilichokijua kwa kuchelewa ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Nesi ndiye aliyenionyesha mlango. Ningekuja na barua ya mtendaji wa mtaa kutoka Tanga tangu siku ya kwanza, ningeokoa wiki mbili za kuituma kwa basi. Ibebeni. Na ombeni picha zenu kwenye diski, msibaki na karatasi ya majibu peke yake, kwa sababu hospitali ya pili itataka kuziona kwa macho yake.

Si kila kitu kilinyooka. Miezi 5 baadaye alipata UTI tena, na nilijua dunia imerudi pale pale. Tulikuwa tumeonywa: kishina cha mrija kinachobaki chini kinaweza kuleta maambukizi. Safari hii mkojo ulioteshwa, akapewa dawa inayolingana na kijidudu chake, na hajapata tena hadi leo. Kila mwaka anapimwa presha, mkojo na altrasaundi. Kwa muda mrefu aliendelea kwenda chooni kila nusu saa na kuvaa ule mfuko begani, ingawa haukuwa na kazi. Kidonda cha kiunoni kilipona kabla ya hicho.

Tulipofika nyumbani nilimwomba radhi. Nilimkalisha kitandani nikamtajia moja moja: fimbo, maji, maneno. Nilikuwa nimejiandaa alie. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nilikwambia unatoka wenyewe." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananikumbusha tu.

Mtungi bado uko pale pale. Siku hizi kila usiku, kabla ya kulala, anachota kata nzima, anasimama mlangoni mwa chumba changu, anaimaliza yote, na kunitakia usiku mwema.